Kufuli la Kisu cha Mfukoni: Marufuku za Uingereza Zinasomwa Vibaya

Tarehe 1 Agosti 2025 panga za mtindo wa ninja ziliingia katika orodha ya silaha zisizoruhusiwa kumilikiwa katika Uingereza na Wales, hata kama mwenyewe amezitundika ukutani nyumbani kwake. Miezi kumi kabla, tarehe 24 Septemba 2024, ilikuwa zamu ya visu na mapanga ya mtindo wa zombi, yale marefu yenye meno au ncha nyingi ubapani. Hatua hizo zimeleta tafsiri mbili ninazozisikia kila mara: moja ya wazazi wa jamii zetu, wanaowaonya watoto kwamba sasa kisu cha aina yoyote mfukoni ni jela, na nyingine ya wapenzi wa visu, wanaodai kwamba serikali imeanza na panga na itamalizia na kisu cha kumenyea chungwa. Naona tafsiri zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Mpaka unaomhusu hasa mtu anayependa visu vya mfukoni, akavitunza na kuvibeba, haukusogezwa mwaka 2024 wala 2025. Uliwekwa mwaka 1988, ukakazwa na majaji mapema katika miaka ya 1990, nao hautazami umbo la kutisha bali kitu kidogo ambacho hakionekani kisu kikiwa kimekunjwa, yaani kufuli la ubapa. Hoja yangu ni kwamba mpenzi wa visu anapaswa kuutii mpaka huo bila kuchezacheza nao, na kwamba huo huo ndio unaostahili kurekebishwa, badala ya nguvu zetu kuishia katika kutetea panga.

Msingi wa sheria si mgumu kuuelewa. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 kinamkataza mtu kuwa na kitu chenye ubapa au ncha kali mahali pa umma. Papo hapo kinakiacha nje ya katazo hilo kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kinachopimwa ni makali yanayokata, si urefu wa chuma chote kinachotokeza kwenye mpini. Kisu cha namna hiyo hubebwa bila kutoa sababu yoyote. Ambaye kisu chake kiko nje ya msamaha huo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya msingi au mamlaka ya kisheria, na kifungu chenyewe kinataja mambo matatu waziwazi: kazi, dini na vazi la kitaifa. Humo ndimo inamoingia kirpan, yaani kisu cha kidini cha Masingasinga, na kisu kidogo ambacho Waskoti huchomeka kwenye soksi, na humo ndimo mwenzetu wa Oman au wa pwani angelazimika kutafuta hifadhi iwapo angevaa jambia kwenda harusini London. Adhabu ya juu ni miaka minne gerezani, na mtu mzima anayetiwa hatiani mara ya pili hukabiliwa na kifungo kisichopungua miezi sita, isipokuwa mahakama ikiona kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayohalalisha kutoitoa adhabu hiyo. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao wenyewe, lakini kipimo cha inchi 3 kimo humo pia. Ni vyema wazazi wajue jambo moja zaidi: katazo la kuwauzia visu walio chini ya miaka 18 halikihusu kisu cha kukunja chenye makali ya inchi 3 au pungufu. Kwa hiyo sheria haikukisahau kisu kidogo cha mfukoni, wala haikivumilii shingo upande. Imekitaja na kukiruhusu.

Ugumu ulianzia mahakamani. Katika kesi ya Harris, iliyoamuliwa mapema katika miaka ya 1990, majaji walitakiwa kusema kama kisu cha kukunja ambacho ubapa wake hujifunga unapofunguliwa, na hauwezi kurudi ndani mpaka mtu abonyeze kitufe, ni kisu cha kukunja kwa maana ya kifungu cha 139. Walisema hapana. Kisu cha kukunja, kwa mujibu wao, ni kile kinachoweza kukunjwa papo hapo na wakati wowote kwa tendo la kukunja peke yake. Kikishajifunga, kinahesabiwa sawa na kisu ambacho ubapa wake umekazwa katika mpini. Mwaka 1998, katika kesi ya Deegan, Mahakama ya Rufani ilishikilia msimamo huo, ingawa iliombwa izingatie yale yaliyosemwa bungeni wakati muswada ukijadiliwa. Mtu anaweza kukubali mantiki ya majaji hao, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kusoma sheria kama ilivyoandikwa. Lakini tuone matokeo ya kusoma umbo la kitu badala ya madhara yake: katika kesi ya Brooker ya mwaka 2005 kisu butu cha kupakia siagi kilihesabiwa kuwa kitu chenye ubapa kinachokatazwa hadharani, ilhali bisibisi, ambayo mtu yeyote anajua inaweza kutoboa mwili, ilikwisha kuamuliwa katika kesi ya Davis kuwa haimo katika kifungu hicho. Bisibisi huwa kosa tu iwapo upande wa mashtaka utaonyesha kwamba mbebaji alikusudia kuitumia kama silaha.

Kwa mpenzi wa visu, mpaka huu hupita katikati ya sanduku lake la visu, na hupita mahali ambapo mtu asingetarajia. Kisu cha Uswisi cha Victorinox chenye mpini wa milimita 91, kile chekundu kinachojulikana duniani kote, hakina kufuli na makali yake hayafiki inchi 3, hivyo ni halali kukibeba. Ndugu yake mkubwa wa milimita 111 ana kufuli, na hubebwa kwa sababu tu. Opinel ya Ufaransa, kisu cha wakulima wa Savoie tangu mwaka 1890, ilipata pete ya kufungia ubapa mwaka 1955. Matokeo yake ni kwamba namba 6, yenye ubapa wa sentimita 7 hivi, iko nje ya msamaha kwa ajili ya pete hiyo, huku namba ndogo zaidi zisizo na pete zikiwa ndani. Zana za mkunjo zenye koleo, kama nyingi za Leatherman zinazouzwa siku hizi, zina ubapa wenye kufuli, na mwongozo wa serikali unasema wazi kwamba zana kuwa na bisibisi na kifungua kopo hakubadilishi chochote. Hata wanaokusanya visu bila kuvitoa nyumbani waliguswa Julai 2021, pale Sheria ya Silaha za Kudhuru ya mwaka 2019 ilipoanza kukataza kumiliki visu vya kufyatuka hata faraghani, na ikapanua maana yake hadi kuvikumba visu ambavyo springi humalizia kufungua ubapa uliokwisha kusukumwa kidogo. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa mkusanyaji wa kawaida kuliko yote ya panga, na lilipita bila kelele.

Sasa tuzipime hoja, tukianza na za wanaotaka ukali, kwa sababu si hoja nyepesi. Sheria ya upanga wa ninja huitwa Sheria ya Ronan, kwa jina la kijana wa miaka 16 aliyeuawa Wolverhampton mwaka 2022 kwa upanga ulionunuliwa mtandaoni na kijana mwenzake. Familia iliyozika mtoto haiwezi kuambiwa isubiri mjadala wa kitaalamu. Kuhusu kufuli lenyewe, hoja yao ina uzito wa kimekanika: kisu kisicho na kufuli kikichomwa kwa nguvu kinaweza kujikunja na kumkata vidole mshikaji, hivyo hakimfai sana mshambuliaji, ilhali kisu chenye kufuli hubaki imara kama cha jikoni. Pia kuna faida ya mpaka ulio wazi. Askari aliye barabarani usiku anaweza kukifungua kisu, kukijaribu, kukipima, na kujua kama kimo katika msamaha au hakimo, bila kubahatisha nia ya mtu. Na aliye na haja ya kweli, kama fundi, mkulima au mvuvi, mlango wake wa sababu ya msingi umebaki wazi.

Upande wa pili unaanza na takwimu, na takwimu hizo ni za kweli. Mauaji kwa vitu vyenye ncha kali ndiyo aina ya mauaji inayoongoza katika Uingereza na Wales, na katika takwimu rasmi za miaka ya karibuni kisu cha jikoni ndicho kinachotajwa zaidi, katika asilimia 40 hivi ya mauaji hayo. Zombi na ninja ni sehemu ndogo. Wapenzi wa visu wengi wanachukua takwimu hii na kuhitimisha kwamba marufuku zote hazina maana, na hapo ndipo ninapoachana nao. Kisu cha jikoni hakiwezi kuondolewa katika nyumba milioni kadhaa, lakini upanga unaouzwa kwa picha za kutisha, kwa vijana, kwa bei ya jozi ya viatu, unaweza kuondolewa sokoni bila mtu yeyote kukosa chombo cha kazi. Sijaona hoja ya mpenzi wa visu vya mfukoni inayonishawishi kwamba anapoteza kitu panga hizo zinapoondolewa. Anachopoteza anapozitetea ni sikio la mbunge.

Zipo hoja mbili dhaifu zaidi, moja kila upande, na zote mbili ni za hatari kwa anayeziamini. Ya kwanza ni ya mbebaji anayesema kisu chake, hata chenye kufuli, ni cha kujihami endapo atavamiwa. Katika sheria ya Uingereza kauli hiyo haimwokoi, inammaliza. Kujihami kwa ujumla hakukubaliwi kuwa sababu ya msingi ya kubeba kisu, na mtu anayemwambia askari kwamba amebeba kisu ili amchome atakayemvamia amekiri kwamba amebeba silaha, jambo ambalo Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953 inalikataza hata kisu kikiwa kidogo na kisicho na kufuli. Msamaha wa inchi 3 unalinda chombo, nia haiulindi. Vijana wetu waambiwe hili kwa lugha nyepesi kabla hawajaambiwa na wakili.

Ya pili ni ya wanaosema kwamba mwenye nia njema hana cha kuogopa kwa kuwa polisi watatumia busara. Busara ni neema. Haki ni kitu kingine. Sheria imempa mbebaji mzigo wa kuthibitisha, na mahakama zimesema kwamba kusahau kisu mfukoni au garini hakutoshi peke yake kuwa sababu ya msingi. Katika kesi ya Jolie ya mwaka 2003 kusahau kulikubaliwa kuweza kusaidia tu kukiambatana na mazingira mengine. Fundi aliyemaliza kazi Ijumaa na kukutwa Jumapili na kisu chenye kufuli katika gari lililoegeshwa mtaani yuko mikononi mwa hisia za aliyemkuta. Na hisia hizo hazigawanywi sawa. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba watu weusi husimamishwa na kupekuliwa karibu mara nne kuliko weupe, na kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994 kinaruhusu upekuzi bila hata kumshuku mtu pale eneo linapotangazwa. Kwa hiyo busara inayotegemewa na bwana mwenye Opinel akila jibini bustanini huko Surrey siyo ile inayoweza kutegemewa na kijana wa Kitanzania au Kikongo anayetoka kazini usiku akiwa na zana yake ya koleo. Ninajali jambo hili kuliko yote katika mjadala huu. Kanuni inayomwangukia kila mtu kwa kiwango kimoja kwenye karatasi huwaangukia wachache zaidi barabarani, na kadiri kanuni yenyewe inavyotegemea hiari ya askari ndivyo pengo hilo linavyopanuka.

Lipo jambo lingine ambalo halizungumzwi bungeni, nalo ni usalama wa vidole. Kufuli halikubuniwa kwa ajili ya mshambuliaji. Lilibuniwa ili ubapa usijikunje juu ya mkono wa anayefanya kazi. Kwa kulisukuma nje ya msamaha, sheria imeuhamishia usalama wote kwenye springi ya mgongoni na kwenye mkono wa mwenye kisu. Kisu cha springi, si kile cha kufyatuka bali kile ambacho mafundi wa Sheffield wamekitengeneza kwa vizazi na vizazi, kinashikiliwa wazi na mkanda wa chuma unaosukuma shina la ubapa, hakuna kingine. Springi hiyo ikilegea, au egemeo likijaa kutu na vumbi la mfukoni, ubapa husimama nusu njia, au hujifunga kwa mguso mdogo. Ndiyo maana matunzo si pambo la wapenda visu. Kisu kioshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa humo humo ili uchafu utoke kwenye egemeo, kikaushwe kabisa, kisha egemeo litiwe tone moja la mafuta yasiyodhuru chakula. Chuma cha kaboni kitabadilika rangi kikikata limau au nyanya, na rangi ile ya kijivu haina madhara, lakini kutu nyekundu iondolewe mara moja kabla haijatoboa. Makali yanolewe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, yamalizwe kwa ngozi, kwa sababu makali butu humfanya mtu asukume kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayokunja kisu kisicho na kufuli. Kisu cha aina hii hukata kwa kuvuta. Hakitumiki kutobolea wala kubandulia kitu, wala mgongo wake haugongwi. Asiyeyajua hayo akapewa kisu cha springi kwa sababu tu ni halali, atakuwa amepewa kisu hatari zaidi kuliko kile alichonyang'anywa.

Je, sheria ingeweza kupangwa vinginevyo? Ujerumani tangu mwaka 2008 imechagua mstari tofauti: kinachokatazwa kubebwa bila sababu ni kisu chenye kufuli kinachofunguliwa kwa mkono mmoja, pamoja na kisu kisichokunjwa ambacho ubapa wake unazidi sentimita 12. Opinel, inayohitaji mikono miwili kuifungua na kuizungusha pete yake, inabaki halali. Hapo mbunge alijiuliza ni kitu gani kinamfanya mtu achomoe kisu haraka katika ugomvi, akakilenga hicho, akakiacha kilichowekwa kulinda vidole. Sisemi Wajerumani wamelimaliza tatizo. Tarehe 23 Agosti 2024 watu watatu waliuawa kwa kisu katika tamasha la mji wa Solingen, mji unaosifika kwa kutengeneza visu, na kufikia Oktoba sheria ilikazwa, visu vikakatazwa katika sherehe na mikusanyiko ya hadhara. Hata hivyo mstari wao wa kufuli na mkono mmoja haukuvurugwa. New York inatoa funzo la upande mwingine. Sheria yake ya mwaka 1958 dhidi ya visu vinavyofunguka kwa mvuto wa ardhi iligeuka, kwa kipimo cha askari kukitikisa kisu kwa kiganja kuona kama kitafunguka, kuwa mtego kwa wafanyakazi waliobeba visu vya kawaida vya kukatia maboksi, na ikafutwa mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya watu wa kipato cha chini, wengi wao weusi na Walatino, kufikishwa mahakamani.

Mkanganyiko wa Uingereza umefika hadi kwa watengenezaji. Mwaka 2024 mkuu wa Victorinox, Carl Elsener, alisema kampuni yake inatayarisha zana za mfukoni zisizo na ubapa kabisa, akitaja sheria za visu zinazozidi kubana katika baadhi ya nchi. Wengi walisoma habari hiyo kama tangazo la msiba wa kisu cha Uswisi. Lakini kisu kile cha milimita 91 kilikuwa halali Uingereza asubuhi ya siku hiyo na kimebaki halali. Kinachowatisha wateja ni uvumi, na uvumi hustawi pale ambapo mstari wa sheria umechorwa na kesi ambazo raia hawezi kuzisoma kwenye kisanduku cha bidhaa.

Kwa hiyo natarajia mambo mawili yaende pamoja. Muswada wa Uhalifu na Polisi, uliowasilishwa bungeni Februari 2025, ulipendekeza kosa jipya la kuwa na kisu kwa nia ya kukitumia katika vurugu, pamoja na kuongeza adhabu kwa wanaowauzia visu watoto. Mapendekezo yote mawili yanaelekea kulenga nia na biashara, na huko ndiko wapenzi wa visu wanakopaswa kuyaunga mkono kwa sauti. Wakishasimama hapo, watakuwa na haki ya kuomba badiliko dogo katika kifungu cha 139: kwamba kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, kinachofunguliwa kwa mikono miwili, kisitolewe kwenye msamaha kwa sababu tu kina pete au kufuli la kulinda vidole. Ombi la namna hiyo halimrudishii mtu upanga, wala halimpi mshambuliaji kitu ambacho hakukipata kwenye droo ya jikoni, lakini lingempunguzia fundi anayepekuliwa mara kwa mara sehemu kubwa ya kinachomtegemeza kwenye hiari ya askari. Mpaka bunge liseme hivyo, kisu chenye kufuli kikae nyumbani, au kiwe ndani ya mkoba wa kazi pamoja na vifaa vingine, kiende kazini na kurudi siku hiyo hiyo; mfukoni kibaki kile cha springi, chenye makali yaliyopimwa kwa rula, si kwa jicho.